Doa jeusi mguuni: namna ya kulikagua kabla ya kuandika rufaa

Wenzangu wa zahanati za Moshi mnawajua wapagazi wanaoshuka Kilimanjaro na ukucha mweusi wa dole gumba. Mara nyingi ni damu iliyovilia tu. Ila melanoma, saratani ya chembe za rangi, kwetu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, kwa hiyo usimpe dawa ya maumivu ukamuaga.

Hatua ya 1. Avue viatu vyote viwili. Osha kwa sabuni, kausha, msogeze dirishani. Piko na rangi ya viatu zimeshatisha wengi.

Hatua ya 2. Vidoa vyeusi kisiginoni kwa mcheza mpira huwa ni damu kavu ndani ya sugu. Lainisha kwa maji, paruza polepole kwa kisu cha upasuaji. Vikitoka na ngozi ngumu, basi.

Hatua ya 3, ya ukucha, ndiyo ya kutulia nayo. Piga picha pamoja na rula. Ukucha wa dole gumba la mguu husogea milimita 1 hadi 2 kwa mwezi. Akirudi baada ya miezi miwili, damu iwe imesogea mbele na nyuma yake pawe peupe. Mistari myembamba ya weusi kwenye vidole kadhaa ni kawaida yetu. Mstari wa kidole kimoja unaopanuka, au weusi uliomwagikia ngozi ya pembeni, hausubiri miezi miwili. Na "nilijikwaa, daktari" isikufungishe faili: kidonda cha dole la Bob Marley kilidhaniwa ni cha mpira, 1977 ikabainika ni melanoma, akafariki 1981.

Hatua ya 4. Vijipele vyeusi vya mashavuni, vile vya kurithi, viache. Kinundu kigumu cha kahawia kwenye muundi kibane pembeni kwa vidole viwili: kikizama katikati, mara nyingi ni uvimbe wa nyuzinyuzi usio na madhara.

Hatua ya 5. Usichokielewa usikichome. Peleka KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi. Kikikatwa, kipande kiingie formalini (dawa ya kukihifadhi kisioze) na kiende maabara, hata kama una hakika nacho. Kwenye barua taja mguu upi, kidole kipi, milimita ngapi, uambatishe picha. "Uvimbe mguuni" haimsaidii anayepokea.