Jinsi ya kutunza mimea ya ukame Arusha na Moshi bila kuiozesha

Jamani watu wa Kisongo, Bomang'ombe na kule Moshi ya chini, kama unataka kwako kuwe na kijani mpaka Oktoba mabomba yakiwa yanatoa upepo tu, panda mimea iliyozoea ukame, ila usiitunze kama mchicha. Mingi inayokufa majumbani inakufa kwa maji mengi wala sio kiu, na inaniuma kwa kweli.

Elewa kwanza inavyoishi. Mshubiri, mkonge na kaktasi mchana jua likiwaka zinafunga vile vitundu vya kupumulia, usiku kukipoa ndo zinafungua zinavuta hewa ya kaboni, zinaitunza mpaka jua litoke zitengenezee chakula, kwa hiyo maji yanayopotea ni kidogo sana. Dezeti rozi, yaani waridi la jangwani, yenyewe inaweka maji kwenye lile shina lililovimba, kiangazi kikikaza inapukutisha majani, mbuyu nao hivyo hivyo, halafu inatulia. Sasa mtu akiona majani yamedondoka anakimbilia ndoo, na hapo ndo anaiua, kwa sababu mizizi imelala haivuti kitu, maji yanatuama, shina linalainika linaoza.

Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi, usiutumie peke yake, unashika maji mno. Weka nusu mchanga wa mtoni au changarawe za volkano, huku kwetu zipo nyingi, nusu nyingine udongo wa kawaida na samadi kidogo iliyooza kabisa. Kama unapanda kwenye ndoo, lazima uitoboe chini.

Kumwagilia usifuate kalenda. Chomeka kijiti mpaka chini, kikitoka na unyevu usimwagilie. Kikitoka kikavu mwaga mengi mpaka yatokee matundu ya chini, halafu usiguse tena mpaka pakauke. Masika zile za kwenye ndoo zisogeze barazani, na baridi ya Juni mpaka Agosti punguza zaidi, hasa Arusha, maana mmea hapo haunywi.

Mgunga ni habari nyingine, wenyewe unategemea mizizi inayozama mbali, ukiumwagia kikombe kila jioni mizizi inabaki juu juu tu, mche bora uupe ndoo nzima mara moja kwa wiki na utandaze majani makavu kuuzunguka, ila yasiguse shina. Upande masika inapoanza.

Ukitaka kuzidisha mnyaa au kaktasi, kata kipande ukiache kivulini siku kadhaa jeraha likauke ndo upande, kibichi kinaoza. Na vaa glavu tafadhali, utomvu wa mnyaa ukiingia machoni unaweza kukupofusha, wa dezeti rozi nao ni sumu, kwa hiyo watoto na mbuzi wakae mbali. Utomvu ukikurukia machoni osha na maji mengi yanayotiririka, usisugue, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama unaona maumivu yamepungua.