Kinyonga wa Mapokezi: Ondoeni Kioo Kabla ya Kuuliza Sindano

Simu ninazopigiwa na wenye bustani ndogo za wanyama na wafugaji wenye leseni zinafanana mno. Kinyonga amepoa, hali chakula, anashika tawi kwa taabu, nimchome sindano gani? Kabla sijataja dawa nauliza anakaa wapi, na jibu huwa lilelile: yuko mapokezi, ndani ya sanduku la kioo, pembeni ya dirisha, ili wageni wamwone vizuri. Basi ugonjwa tumeshaupata, na sindano haiuondoi.

Makala hii ni ya kosa hilo moja. Habari za panzi na nyenje, usafi wa banda, na kutowaweka madume wawili pamoja mnazijua, sitawachosha nazo.

Kioo kinapitisha mwanga na joto. Mtu anaona jua limemwagika juu ya tawi, anaridhika. Kisichopita ni mionzi ya UVB, ambayo macho yetu hayaioni. Kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu yote, na plastiki ngumu nyingi vilevile. Kinyonga huitegemea mionzi hiyo kutengeneza vitamini D3 kwenye ngozi yake, na bila D3 utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha hata mkimlisha vipi. Misuli na moyo haviwezi kungoja, kwa hiyo mwili unaichota kalsiamu kwenye mifupa. Mifupa hulainika, hupinda, mwisho huvunjika kwa kitu kidogo kama kumbandua mnyama kwenye tawi. Haya yanatokea katika nchi ambayo jua linawaka mwaka mzima na halina bili! Wafugaji wa Ulaya wananunua taa kwa fedha nyingi kumpa kinyonga wao kile ambacho nyinyi mmekizibia kwa kipande cha kioo.

Dalili za mwanzo huwapita watu wengi kwa sababu ya mwendo wenyewe wa mnyama. Kinyonga mzima huyumba mbele na nyuma kama jani linalopigwa na upepo, kwa hiyo mfanyakazi akiona mtetemo anasema ndivyo alivyo. Angalieni tofauti. Kuyumba kwa kawaida ni kwa mwili mzima, na hukoma akishatulia. Mtetemo wa upungufu wa kalsiamu huonekana kwenye vidole na miguu, na huzidi pale anaponyoosha mguu kutafuta tawi linalofuata.

Mtazameni kwa ubavu wakati anatembea. Mzima hulinyanyua tumbo, na nafasi inaonekana kati ya tumbo na tawi. Mgonjwa huliburuta, viwiko vimetanuka nje. Mfupa wa mguu wa mbele, kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole, unatakiwa uwe umenyooka. Ukiwa umepinda au una uvimbe katikati, umeshalainika, au ulivunjika ukaunga vibaya bila mtu kujua. Taya la chini linatakiwa likutane na la juu bila pengo. Tafadhali msilibonyeze kwa dole gumba kupima kama ni laini. Nimeona taya lililovunjwa na kipimo hicho, na aliyelivunja alikuwa na nia njema kabisa.

Ulimi nao unasema mengi. Shika nyenje kwa kibano, sentimeta 15 mbele ya mdomo wa kinyonga mkubwa. Mzima akishamlenga kwa macho yote mawili, ulimi hutoka kwa nguvu na kurudi na windo. Mgonjwa hulenga, hufungua mdomo, ulimi unachungulia kidogo kisha unarudi mtupu, au unaning'inia. Hapo watu husema amekataa chakula. Hajakataa, misuli yake haina kalsiamu ya kuurusha ulimi. Na akifumba macho mchana, iwe jicho moja au yote mawili, hiyo ni dharura. Kinyonga halali mchana.

Niseme na hili la hofu. Wafanyakazi wengi wanamwogopa, wengine wameambiwa ana sumu, wengine wanamwona ni mkosi. Sumu hana. Lakini kwa hofu hiyo anayemlisha hutupa panzi ndani, akafunga mlango upesi na kuondoka, na hakuna anayemtazama hata dakika mbili mfululizo. Mpeni kazi hiyo mtu asiyeogopa, na awe na mzani wa jikoni unaosoma gramu. Apimwe kila wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula, akiwa ameshika kijiti ambacho uzito wake unajulikana. Akipungua sehemu ya kumi ya uzito wake msingoje wiki ya pili.

Sasa marekebisho. Banda liwe la wavu pande zote, kimo kisipungue sentimeta 120 na upana sentimeta 60 kwa 60 kwa mnyama mkubwa mmoja. Wavu wa mbu haufai, maana matundu yake madogo hupunguza mionzi na kucha zinanasa. Tumieni wavu wa chuma uliopakwa plastiki, matundu ya nusu sentimeta hadi sentimeta moja. Nyenje watatoka, najua, ndiyo maana mnawaweka kwenye kopo lenye kuta laini lililofungwa kwenye tawi. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo ya maji, kwa sababu siafu wakimkuta kinyonga amefungiwa, asubuhi mtakuta mifupa.

Banda hilo likikaa nje moja kwa moja, nusu yake chini ya kivuli cha mti na paa dogo la kuzuia mvua kubwa, suala la mionzi limekwisha. Mnyama mwenyewe atachagua aote wapi na ajifiche lini. Kama lazima alale ndani, mtoeni nje kila siku kati ya saa 2 na saa 3 na nusu asubuhi, dakika 30 kwa uchache, saa nzima ni bora. Kuna wanaomtoa saa 1 na wanaomtoa saa 11 jioni kwa kuwa jua ni la upole. Upole huo ndio tatizo, UVB ya saa hizo ni kidogo mno. Na saa 6 mchana msijaribu. Kivuli kiwe cha kweli, cha mmea wenye majani, kinachofunika nusu ya banda. Akipauka na kuachama mdomo, joto limemzidi: mhamishieni kivulini, mnyunyizieni maji mara moja.

Halafu kuna wale ambao, wakiambiwa jua, wanalibeba sanduku lilelile la kioo na kuliweka uani. Jamani! Kioo kilichofungwa juani hupanda joto kwa dakika chache, na mnyama hana pa kukimbilia. Hapo hamtaulizia ugonjwa wa mifupa tena.

Panapokosekana ua, au nyanda za juu wakati wa baridi ya mwezi wa sita hadi wa nane ambapo mawingu hukaa siku nzima, inabidi taa. Nunueni taa ndefu ya tyubu aina ya T5 iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama watambaao, yenye alama ya 5.0 au 6%. Iwekwe juu ya wavu, na umbali upimwe kutoka kwenye taa hadi mgongoni mwa kinyonga akiwa amesimama kwenye tawi lake la juu: sentimeta 20 hadi 25. Nimesema mgongoni. Mkipima hadi kwenye tawi, mnyama mkubwa atakuwa karibu zaidi kwa sentimeta kadhaa na ataungua. Iwashwe kwa muda wa saa 12 kila siku, izimwe usiku, na usiku kusiwe na taa ya rangi yoyote. Baada ya miezi 12 ibadilishwe hata kama bado inawaka, kwa kuwa UVB hupungua muda mrefu kabla mwanga haujafifia. Andikeni tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye tyubu siku ya kuifunga.

Taa nyekundu ya vifaranga inatoa joto peke yake. Taa ya bluu ya kunasa wadudu na ile ya kukagulia noti bandia si UVB mnayoitafuta. Kila mwaka kuna anayenionyesha mojawapo ya hizo kwa fahari.

Kalsiamu. Mdudu kama nyenje ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na fosforasi ikizidi huzuia kalsiamu isifyonzwe, kwa hiyo lazima apakwe unga. Unga huo uwe wa kalsiamu kaboneti, usio na fosforasi, uliosagwa laini kama poda. Madukani ya mifugo mnauziwa DCP (dikalsiamu fosfeti) na unga wa mifupa wa kulishia kuku. Vyote viwili vina fosforasi ndani, na ninyi mnatafuta kuipunguza. Mfupa wa dome, yule wa baharini jamii ya ngisi, unaookotwa ufukweni ni mzuri: uloweke kwenye maji safi siku mbili huku ukibadilisha maji ili chumvi itoke, uanike hadi ukauke kabisa, twanga, chekecha kwa kitambaa. Chokaa ya kupaka nyumba isikaribie kabisa chakula, inaunguza mdomo na utumbo. Nimeikuta kwenye kopo lililoandikwa «kalsiamu» kwa mkono.

Kiasi ni ncha ya kijiko cha chai kwa nyenje kumi, mkiwatikisa ndani ya mfuko hadi wapate vumbi jepesi. Wakiwa weupe pepe mmezidisha, na kinyonga atawakataa. Unga huu mtupu utumike kila mlo. Unga wenye D3 na vitamini nyingine ni mara mbili kwa mwezi kwa anayekaa ndani chini ya taa, na mara moja tu kwa anayepata jua. Vidonge vya mafuta ya samaki vya binadamu achaneni navyo. Vitamini D3 ikizidi hurundika kalsiamu kwenye figo na mishipa, na huko hakuna wa kuitoa. Nyenje wenyewe walishwe saa 24 kabla, majani ya mlonge au sukuma wiki kuliko mchicha, maana mchicha una oksaleti inayoishika kalsiamu. Wenye mabuu ya nzi chuma, wale wa chakula cha kuku na samaki, wapeni: wana kalsiamu nyingi kwa asili yao.

Kinyonga wa pembe tatu, wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru, ana masharti yake. Mchana nyuzi 24 hadi 27, usiku apate baridi chini ya nyuzi 18. Vitamini humdhuru haraka kuliko wengine, kwa hiyo unga wa D3 kwake usizidi mara moja kwa mwezi. Na asiletwe pwani kupamba hoteli. Mapokezi ya Dar es Salaam yenye nyuzi 32 si mahali pake, hata mkimwekea feni.

Aliyekwisha kulainika mifupa apunguziwe urefu siku hiyohiyo. Matawi yote yashushwe yawe chini ya sentimeta 30 kutoka sakafuni, yawe mengi na ya mlalo, unene unaojaa mkononi mwake, na chini kutandikwe kitambaa kinene. Asivutwe kamwe kutoka kwenye tawi. Weka mkono wako mbele yake, chini kidogo ya kidevu, na ungoje apande mwenyewe, hata kama ni dakika kumi. Kama hawezi kupanda, toa tawi pamoja naye. Kalsiamu ya kunywesha ina dozi ya daktari wa mifugo kulingana na gramu za mnyama, na dawa ya mbuzi haigawiki kwa macho mpaka ifikie kinyonga wa gramu 40. Mfupa uliopinda hautanyooka tena. Mnachofanya ni kuzuia usiendelee, na kazi hiyo ni ya miezi.

Jike la kinyonga wa kawaida wa kwetu, yule mwenye mikunjo ya ngozi shingoni, hutaga mayai mengi kwa mkupuo na kuyafukia. Akikosa kalsiamu misuli ya kusukuma hulegea na mayai hubaki tumboni. Akianza kuzunguka sakafuni mwa banda, wekeni ndoo yenye mchanga uliochanganywa na udongo, unyevu wa kushikana ukiufinyanga, kina cha sentimeta 25. Akihangaika siku mbili bila kutaga, mpelekeni kwa daktari.

Maji ni matone kwenye majani, dakika mbili asubuhi na mbili jioni. Bakuli la maji kinyonga halioni. Sehemu nyeupe ya kinyesi ikigeuka ya machungwa au macho yakidumbukia, maji hayatoshi.

Akinyanyua tumbo, akilenga na kupiga windo, na uzito ukitulia, mko sawa.

Akifa, msimtume kijana kichakani akaokote mwingine. Tanzania ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Kenya ni ile ya 2013, na leseni yenu haiwapi ruhusa ya kujaza pengo kimyakimya. Zaidi ya hapo, atakayewekwa kwenye kioo kilekile ataugua vilevile.

Mnapokwenda kwa daktari mchukueni kwenye boksi lenye matundu na kijiti cha kushika, kivulini, si kwenye dashibodi. Bebeni daftari la uzito, picha ya banda ikionyesha taa na tawi la juu, na kopo lenyewe la unga pamoja na lebo yake. Mkimwambia tu kwamba «tunampa kalsiamu», hatajua kama fosforasi imo.