Jinsi ya kusoma vitabu teule vya Kiingereza fomu 3 na fomu 4 (na usikariri mwongozo)

Kama uko fomu 3 ama fomu 4 hapa Kenya na vitabu teule vya Kiingereza vinakutoa jasho, mara nyingi shida si Kiingereza chako, shida ni kwamba mwongozo umeusoma hadi umechakaa na kitabu chenyewe hujawahi kukimaliza. Mwongozo unakupa maudhui na sifa za wahusika tayari, sawa, lakini mtahini hatoi maksi kwa kuambiwa tu kwamba fulani ni jasiri, anataka umuonyeshe ni wapi kitabuni huo ujasiri uko, na hapo ndipo watu wanakwama.

Kwanza jua unasomea nini. Kwa mtihani wa KCSE, pepa 2 ya Kiingereza iko na dondoo kutoka kitabu cha lazima, maksi 25, alafu ushairi ama fasihi simulizi, maksi 20. Pepa 3 ni insha tatu za maksi 20 kila moja, ya kwanza ni ya kubuni, ya pili ni ya kitabu cha lazima, ya tatu unachagua kitabu kimoja kwa vile vya hiari.

Sasa kusoma. Raundi ya kwanza soma tu kama hadithi, bila kalamu, ikiwezekana likizo kabla mwalimu hajaanza kufundisha. Raundi ya pili ndio shika daftari, kila sura uandike nani alifanya nini, wapi, kwa nini, na nini kikafuata. Hilo la nini kikafuata usiliruke kwa sababu swali la dondoo hupenda kuuliza ni nini kilitokea kabla ya hapo ama baada ya hapo, na mwenye alisoma muhtasari tu hawezi kujua.

Wacha nitoe mfano. A Doll's House ya Henrik Ibsen, tamthilia ya 1879, imewahi kutahiniwa hapa kwetu. Mwongozo utakwambia Nora alighushi sahihi ya babake apate mkopo, basi. Lakini fungua kitabu uone Krogstad, yule aliyemkopesha, akimbana: babako alikufa tarehe 29 Septemba, mbona sahihi yake ni ya tarehe 2 Oktoba? Yaani marehemu ametia sahihi siku tatu baada ya kufa! Hiyo sehemu moja tu inakupa hoja kadhaa. Nora anampenda mumewe hadi anavunja sheria, maana pesa zilikuwa za kumpeleka Helmer Italia apone. Sheria inamkandamiza mwanamke, maana mke hangeweza kukopa bila idhini ya mume. Na Krogstad ni mtu makini sana, karatasi haimpiti. Kama kitabu chako ni kingine, tafuta sehemu kama hizo, ziko kila kitabu.

Kwa insha, kila aya taja hoja, weka tukio lenyewe (nani, wapi, nini kilisababisha), kisha eleza hilo tukio linathibitisha vipi hoja yako. Hapa kwa kuthibitisha ndio wengi huruka, wanasimulia hadithi weee halafu wanaenda aya nyingine. Hoja nne zilizoshiba zinatosha, kwa kawaida kila moja ina maksi 3, utangulizi 2, hitimisho 2, na lugha 4.

Tamthilia isomeni kwa sauti, mgawane wahusika hapo bwenini ama darasani, utashangaa vile mambo yanashika. Vile vikundi vya maigizo vikija shuleni nenda utazame kabisa, lakini uwe umeshasoma, kwa sababu waigizaji huongeza vichekesho ambavyo haviko kitabuni na ukiviandika kwa mtihani umepotea.

Ushairi hauna kitabu teule, shairi unakutana nalo siku hiyohiyo. Lisome mara mbili kabla ya kugusa maswali, ujiulize nani anaongea, na nani, na ana hisia gani. Ukisema kuna takriri, taja neno linalorudiwa na useme linaongeza nini kwa shairi, kuitaja peke yake haitoshi.

Siku ya pepa 3 una masaa mawili na nusu, kwa hivyo dakika 50 kwa kila insha, na katika hizo 50, zile tano za mwisho za insha za vitabu rudia majina ya wahusika uone kama umeyaandika vile yako kitabuni.