Namna ya kumwandikia Mwakilishi wako kabla ya mswada kupigiwa kura

Kabla ya kushika kalamu, hakikisha mswada unaokushughulisha unajadiliwa wapi, kwa sababu Mzanzibari ana Mwakilishi katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Chukwani, na Mbunge katika Bunge la Muungano, Dodoma, na wengi wetu huwachanganya. Ardhi, afya, kilimo na utalii huamuliwa na Baraza la Wawakilishi. Uraia, ulinzi na mambo ya nje ni ya Muungano, na barua yake ni ya Mbunge.

Kisha utafute mswada wenyewe, wala usitegemee maneno ya mtaani. Anzia mwisho, penye Madhumuni na Sababu, ndipo urudi kwenye vifungu na kukiwekea alama kile kinachokugusa.

Jambo linalowaponza wengi ni wakati. Mswada ukishasomwa kwa mara ya kwanza hupelekwa katika kamati ya kudumu, ambayo huweza kuwaita wadau na kupendekeza marekebisho. Huko ndiko maneno ya kifungu bado yanabadilika kwa urahisi. Ukingoja hadi usomwe mara ya pili, Mwakilishi wako anaweza kuchangia au kuleta marekebisho, lakini muda umeshambana. Kwetu Pemba kuna jambo la ziada: kikao kikikaribia, Mwakilishi huvuka kwenda Unguja, kwa hivyo barua imfikie akiwa bado jimboni. Niliwahi kumsaidia jirani yangu kumwandikia Mwakilishi barua nzuri ya kurasa tatu, ikafika mswada umeshapitishwa, tukajibiwa kwa adabu kwamba imepokelewa.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Juu andika jina lako, shehia, jimbo na tarehe, kwa sababu Mwakilishi husikiliza kwanza watu wake. Muhuri wa Sheha hauhitajiki. Hii si barua ya kuombea kitambulisho. Baada ya "Mheshimiwa" na salamu, weka "Yah:" ikifuatiwa na jina la mswada na nambari ya kifungu, halafu useme kitakavyokuathiri na maneno unayotaka yawekwe badala yake. Tuseme kifungu cha 12 kinamtaka kila mkulima wa mwani awe na leseni. Usiandike kwamba sheria hii inawaonea wanyonge. Andika: "Mimi ninalima mwani kwenye kamba arobaini pwani ya Micheweni, na ninauza mwani mkavu kwa kilo. Naomba kifungu cha 12 kiongezwe maneno 'isipokuwa mkulima mwenye kamba zisizozidi mia moja'." Maneno kama hayo Mwakilishi anaweza kuyachukua kama yalivyo na kuyapeleka kwenye kamati. Majirani wakikubaliana nawe, watie saini chini, kila mmoja na shehia yake.

Toa nakala mbili. Ya pili aliyepokea akutilie saini na tarehe. Siku chache baadaye mpigie simu, umuulize kwa heshima kama ameisoma na ana msimamo gani.

Omba pia achangie kwa mdomo, asiishie kupiga kura tu. Kwa kawaida Spika huwahoji wajumbe kwa pamoja, nao wakaitikia kwa sauti, hivyo jina la kila mmoja halibaki. Mchango wake ndio unaoingia katika kumbukumbu rasmi za Baraza, na huko unaweza kuutafuta.