Biskuti za chokoleti kwa jiko la mkaa

Mbukwenyi! Somo la leo ni zile biskuti za vipande vya chokoleti, kingo zinavunjika, katikati laini. Asili yake ni Marekani: Ruth Wakefield, mwenye nyumba ya wageni mjini Whitman, Massachusetts, ndiye aliyezianzisha miaka ya 1930. Mapishi yake nimeyakata nusu. Utapata kama 24.

Andaa unga wa ngano gramu 150, siagi gramu 115, sukari gramu 140, yai moja, chokoleti gramu 170, beking soda nusu kijiko cha chai, chumvi kiasi hicho hicho na vanila kidogo. Karanga za kukaanga, konzi moja, ukipenda. Mimi siachi, tena Dodoma karanga hatuzitafuti mbali.

Mapishi ya asili yanataka nusu ya sukari iwe ile ya kahawia yenye unyevu wa molasi. Sukari yetu ya dukani hata ikiwa na rangi ni kavu, tena chenga kubwa. Naisaga kidogo kwenye blenda, naongeza kijiko kikubwa cha asali ya Singida. Asali inaleta unyevu, na uchachu wake unaiamsha ile soda.

Sasa siagi, maana hapa ndipo wengi wanaharibikiwa. Iwe laini, kidole kizame, lakini isiyeyuke. Oktoba saa nane mchana, siagi ukiiacha mezani inageuka mafuta. Mara yangu ya kwanza nilipika muda huo. Kilichotoka ni kitu kimoja chembamba kilichojaa trei nzima, watoto wakakiita chapati ya chokoleti. Siku hizi napika usiku.

Piga siagi, sukari na asali hadi rangi ipauke. Tia yai na vanila, piga tena. Chekecha unga, soda na chumvi, changanya kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, basi. Usikande kama maandazi, zitakuwa ngumu. Malizia na chokoleti uliyoikatakata, na karanga.

Weka donge kwenye friji saa moja. Huna friji? Funika bakuli, likalishe ndani ya beseni la maji baridi.

Wenye oveni: nyuzi 190, dakika 9 hadi 11. Wa mkaa: tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, funika, pasha dakika 15. Panga madonge ya kijiko kwenye sahani ya bati, yaachie nafasi, weka juu ya mchanga, kisha palia mkaa juu ya mfuniko. Chungulia baada ya dakika 10. Kingo zikishika rangi, toa, hata kama katikati panaonekana pabichi. Ziache kwenye sahani dakika tano, zitajikaza.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nina beking pauda tu, soda sina.
Marahaba mwanangu. Tia kijiko cha chai kimoja na nusu, maana nguvu yake ni ndogo. Zitavimba zaidi na rangi itapauka kidogo.

Dada, mimi niko Kondoa, chipsi za chokoleti huku sizipati. Nikikata ya mche inayeyuka na kusambaa.
Mdogo wangu, hata Ruth alikata ya mche. Chipsi hutengenezwa zishike umbo, ya mche husambaa. Kata vipande vikubwa, viwe baridi kabla ya kuchanganya.

Naweza kutia zabibu kavu?
Tia, ila loweka kwenye maji ya uvuguvugu, kisha zikaushe kwa kitambaa. Mimi ningeacha nusu iwe chokoleti.

Zangu zimeungua chini, juu mbichi!
Moto wa chini umezidi. Sufuria ikishapata moto, punguza, bakiza vipande vitatu vinne vya mkaa. Mwingi upandishe juu ya mfuniko. Na mchanga uwe wa kutosha, unene wa vidole viwili.