Somo: Maneno ya Kiingereza yanayoandamana, kwa wanaoandika tasnifu

Asalaam aleikum. Wiki hii pekee watu wanne wameniuliza swali lile lile: "Sarufi yangu iko sawa, mbona msimamizi bado anachora mistari myekundu?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Tatizo si sarufi. Kila lugha ina maneno yaliyozoeana kwenda pamoja; kila kundi la maneno hayo hapa naliita muungano. Sisi tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki. Tunakula kiapo, Mwingereza anakichukua: "take an oath". Mgeni akisema "nafanya pasi" tutamwelewa, lakini tutajua ni mgeni. Anayesoma tasnifu yako naye anajua.

1. Tafuta makala matatu ya majarida ya fani yako. Tasnifu ya rafiki haihesabiwi.

2. Anza na nomino, kisha tazama kitenzi kinachoitangulia. "Research" hutanguliwa na "conduct" au "carry out". "Conclusion" na "draw" au "reach". "Threat" na "pose". Ukianza na kitenzi utapotea, maana "make" na "take" huandamana na vitu chungu nzima.

3. Nakili muungano pamoja na kihusishi chake: "impact on", "consistent with", "in contrast to".

4. Usibadilishe neno moja la muungano ukaacha jingine. Hapa ndipo nilipoharibu. Tasnifu yangu ilihusu ukataji wa mikoko huku kwetu Amu (Lamu). Sura ya pili nilirudia "play a key role" mno, nikaona vibaya, nikafungua kamusi ya visawe. "Play" nikaifanya "act". "Strong evidence" ikawa "sturdy evidence". "Pose a threat" ikawa "place a threat". Sura nzima ikarudi. Msimamizi hakupinga hoja yangu hata moja, aliandika tu pembeni kwamba haelewi ninachosema. Wiki tatu zikapotea. Kwa hiyo shikeni hili: kisawe cha neno si kisawe cha muungano. Ukichoka kurudia, chukua muungano mwingine mzima, kwa mfano "make an important contribution to". Na muwe macho na "significant". Katika takwimu neno hili lina maana yake maalumu: umefanya jaribio la kitakwimu na tofauti uliyoipata si rahisi kutokea kwa sadfa tu. Kama hukufanya jaribio, andika "considerable" au "substantial".

5. Hakiki. British National Corpus, hazina ya maandishi na mazungumzo ya Kiingereza cha Uingereza, ina maneno milioni 100. COCA (Corpus of Contemporary American English), hazina kama hiyo ya Kiingereza cha Marekani, inapita bilioni moja. Zote zinapekuliwa mtandaoni: andika nomino yako, uone majirani zake.

6. Utumie muungano huo siku hiyo hiyo, katika aya yako mwenyewe.

MASWALI

Kijana wa Langoni: Maalim nitumie listi yote WhatsApp. Nakabidhi kazi keshokutwa.

Jibu: Orodha ya miungano ya Kiingereza cha kitaaluma, waliyoitoa watafiti Kirsten Ackermann na Yu-Hua Chen mwaka 2013, ina miungano 2,469. Kwa siku mbili haitakufaa. Fanya hatua ya 2.

Kijana wa Langoni: Sijasoma yote, ni ndefu. "Make research" ni sawa?

Jibu: Si sawa. Hatua ya 2.

Baharia wa Mokowe: Mwalimu wetu wa sekondari alikuwa akisema "discuss about". Wewe wasema alikosea?

Jibu: Mwalimu wako sikumtaja wala simvunjii heshima. "Discuss" haihitaji "about": ni "discuss the findings". Nomino yake ndiyo huchukua kihusishi: "a discussion of the findings". Pekua mwenyewe, usiniamini mimi.

Binti Shela: Samahani Maalim, huenda swali langu ni la kitoto. Kwa nini kwao mvua ni "heavy" na upepo ni "strong"? Kuna kanuni?

Jibu: Si la kitoto hata kidogo, dadangu, nimefurahi umeuliza. Kanuni ya kukokotoa hakuna, ni mazoea ya wasemaji. Mwanaisimu wa Uingereza, J. R. Firth, alieleza mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo. Tazama kwetu: kusi likivuma twasema bahari imechafuka, na hakuna aliyetia taka. Mwingereza akitafsiri "dirty sea" atakuwa amesema jambo jingine kabisa, maana kwao ni "rough sea". Wewe unasomea nini?

Binti Shela: Uvuvi.

Jibu: Basi anza na "stocks", yaani akiba ya samaki baharini. Utaona "stocks decline", "stocks recover", "depleted stocks". Kusanya kumi za namna hiyo kisha niletee aya yako, nitaisoma.

Mama Wawili: Mimi miungano yangu nimeirekodi kwenye simu. Natamka Kiswahili, nanyamaza kidogo nijibu mwenyewe, kisha ndiyo Kiingereza chake. Nasikiliza kwenye boti kutoka Mokowe kuja Amu.

Jibu: Hii sikuwa naijua. Hapo kwenye kunyamaza unaacha muda gani?

Mama Wawili: Kama wa kuvuta pumzi mbili. Nikiacha mrefu zaidi akili inahama.

Baharia wa Mokowe: Na kelele za injini?

Mama Wawili: Kaa mbele, injini iko nyuma.