Namna ya Kusoma Tafiti Zinazopima Chuki kwa Mate na kwa Misuli

Mazungumzo kuhusu wapenzi wa jinsia moja yakizuka kwenye vijiwe vya kahawa hapa Tanga, hakosekani mtu wa kusema kwamba sayansi imeshathibitisha kuwa mwili wenyewe unawakataa, wala hakosekani wa kumjibu kwamba sayansi imeshathibitisha kuwa anayewachukia sana ana lake moyoni. Kauli zote mbili zina tafiti za kweli nyuma yake, ila zimevutwa mbali kupita kile kilichopimwa, na wanaoumizwa na upotoshaji huo ni watu.

Anza na kipimo. Chukua kipande cha muhogo wa kuchemsha, ukitafune taratibu bila kumeza, na baada ya muda utahisi utamu ambao haukuwapo mwanzoni: hicho ni kimeng'enya cha amilesi kilichomo kwenye mate kikigeuza wanga kuwa sukari. Kimeng'enya hichohicho huongezeka mwili unapopata msukosuko, ndiyo maana wanasaikolojia hukusanya mate ya watu wanaotazama picha. Lakini mate hayataji jina la hisia. Hofu huyabadilisha, wasiwasi huyabadilisha, na hata kukazana na baiskeli kutoka Ngamiani hadi Raskazone huyabadilisha. Kwa hiyo ukikuta maelezo kwamba mate "yameonyesha kinyaa", futa neno kinyaa kwa kalamu, andika msisimko, kisha soma sentensi upya uone kama hoja bado imesimama. Mara nyingi huanguka hapohapo.

Baada ya kipimo, uliza kililinganishwa na nini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wanaume 120 wanaovutiwa na wanawake, wa jimbo la Utah nchini Marekani, walionyeshwa picha za wanaume wawili wakibusiana, picha za kuchukiza kama za funza, na picha za vitu vya kawaida visivyosisimua. Amilesi ilipanda kwa picha za busu kama ilivyopanda kwa zile za funza. Wengi huishia hapo. Endelea kusoma, kwa sababu matokeo hayo yalionekana kwa wenye chuki nyingi na kwa wenye chuki kidogo vilevile. Maana yake ni kwamba mate hayakuweza kumtenga mbaguzi na asiye mbaguzi. Pia wanawake hawakupimwa, na Utah ni jimbo lenye mila zake na dini yake, kwa hiyo usiyahamishie matokeo hayo Pangani au Muheza kana kwamba watu wa huko nao walitoa mate yao.

Utafiti wa mwaka 1996 uliofanyika Georgia, Marekani, ndio unaonukuliwa na upande wa pili. Wanaume 64 walijaza dodoso la chuki, kisha msisimko wa viungo vyao vya uzazi ukapimwa walipokuwa wakitazama video za ngono, na waliosisimka kwa video za wanaume wawili walikuwa wale wenye chuki. Watafiti wenyewe waliandika kwamba huenda ni wasiwasi uliochochea mwili. Naomba sana usimkejeli mtu mwenye chuki kwa kumwambia kwamba yeye ndiye shoga aliyejificha, kwani kejeli hiyo inaligeuza jina la wenzetu kuwa tusi, na kundi la watu 64 haliwezi kuibeba.

Mwisho, angalia matokeo yanatumiwa kutetea nini. Katika mahakama za Marekani wapo washtakiwa waliodai kwamba walimpiga au kumuua mtu kwa sababu walipandwa na taharuki ghafla walipotongozwa na mwanamume mwenzao, na California ikawa jimbo la kwanza kuupiga marufuku utetezi huo, mwaka 2014. Ukikutana na hoja ya namna hiyo, rudi kwenye jedwali la utafiti wa Utah na umwonyeshe msemaji kwamba mwili ulisisimka hata kwa wanaume wenye chuki kidogo, kisha umtake aeleze ni kipi kinachomtenganisha aliyesisimka akatulia kitini na aliyeinua ngumi.